Wakala asiye na miguu: Jinsi programu inavyopangiwa safari ya kukusanya habari

UKIPITA katika barabara za mashambani alfajiri, huenda ukakutana na mwendeshaji pikipiki aliyefunga mitungi ya maziwa nyuma ya kiti. Huyu hutoka boma moja hadi jingine akikusanya maziwa ya wakulima na kuyapeleka kwenye kiwanda au kituo cha kuyapoza.

Mtu huyu hajasomea hesabu za juu, lakini kila siku hutatua swali linaloumiza vichwa vya wataalamu wa tarakilishi. Aanze kwa nani na amalize kwa nani? Akianza na mkulima mwenye maziwa mengi, atauzungusha mzigo mzito vilima vyote. Akimwacha wa mbali awe wa mwisho, atarudi njia ndefu akiwa amelemewa. Kosa lolote katika mpangilio huo hulipwa kwa petroli.

Swali hilo hilo ndilo linalowakabili wanaobuni mitandao ya vihisi pasiwaya. Tofauti ni kwamba anayezunguka si mtu bali ni programu ya tarakilishi, anachobeba si maziwa bali ni data, na gharama yake hailipwi kwa petroli bali kwa betri ambazo mara nyingi hakuna wa kwenda kuzibadilisha.

Vihisi ni nini?

Kihisi pasiwaya ni kifaa kidogo chenye sehemu nne kuu: chombo cha kupima kitu fulani, kama vile joto, unyevu, mtetemo au moshi, tarakilishi ndogo ya kuchakata vipimo hivyo, redio ya kuwasiliana na vifaa vilivyo jirani, na betri. Vifaa hivi vinapotawanywa kwa makumi au mamia katika eneo moja na kupokezana habari, huitwa mtandao wa vihisi. Kila kifaa katika mtandao huo huitwa nodi.

Fikra hii ilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya tisini katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Marekani, ambako Kris Pister na wenzake walikuwa wakitafiti walichokiita vumbi erevu, yaani vifaa vidogo mno vinavyoweza kutawanywa kama vumbi.

Mwaka 2002, watafiti waliweka nodi 32 katika kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine, ili kuchunguza mashimo wanamotagia ndege wa baharini bila kuwasumbua. Mwaka 2005, kundi jingine lilitega nodi 16 katika mlima wa volkano wa Reventador nchini Ecuador, na kwa muda wa siku 19 likasikiliza mitetemo ya mlima huo.

Kenya nayo imo katika historia hii. Mnamo Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia wa nyanda za Laikipia mikanda ya shingoni yenye vifaa vya kutambua mahali walipo. Mradi huo uliitwa ZebraNet. Pundamilia walipokaribiana, mikanda yao ilipashana data, na mtafiti aliyepita karibu na gari aliweza kuvuna habari za wanyama ambao hakuwaona kabisa siku hiyo.

Redio ndiyo mlaji mkuu

Katika miradi yote hiyo adui alikuwa mmoja: uhaba wa kawi. Mchukulie Mica2, kifaa kilichotumiwa sana na watafiti katika muongo wa kwanza wa karne hii. Kilitumia betri mbili ndogo, za aina inayotiwa kwenye tochi, na kilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 4 pekee, mbali na kilobaiti 128 za kuhifadhi programu.

Tuseme betri hizo zina uwezo wa miliampea-saa 2,500, na kifaa kinatumia takriban miliampea 20 redio ikiwa wazi. Ukigawanya, utapata saa 125. Kumbe kifaa kinachotarajiwa kulinda msitu mwaka mzima kitakata roho kwa siku tano na ushei endapo redio yake haitazimwa!

Kinyume chake, kifaa hicho kikiamka kwa asilimia moja tu ya muda wake na kulala muda uliosalia, hesabu hiyo hiyo hufikia zaidi ya mwaka mmoja, ijapokuwa hali ya baridi na uchakavu wa betri hupunguza muda huo.

Mwaka 2000, Gregory Pottie na William Kaiser wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walitoa mfano ambao umenukuliwa mara nyingi tangu hapo. Walionyesha kuwa kawi ya kurusha biti 1,000 kwa umbali wa mita 100 inaweza kuitosha prosesa kutekeleza takriban maagizo milioni tatu.

Maana yake ni wazi. Kwa kifaa cha aina hii, kufikiri ni rahisi, kusema ni ghali. Ni nafuu nodi ifanye hesabu ndefu kimyakimya kuliko kutangaza kila ilichokipima.

Badala ya data kusafiri, programu isafiri

Utaratibu wa kawaida ni kila nodi kutuma vipimo vyake vyote hadi kwenye kituo kikuu, ambako tarakilishi kubwa huvichambua. Ni kama kila mkulima kubeba maziwa yake mwenyewe hadi kiwandani, pamoja na yale yaliyoharibika.

Kasoro ya utaratibu huo ni kwamba habari nyingi zinazosafirishwa hazina thamani. Nodi kumi zilizo katika bonde moja zitasema kwa nyakati zile zile kwamba joto ni lile lile. Kituo kitazipokea taarifa kumi ilhali moja ingetosha, na betri kumi zitakuwa zimepungua.

Mwaka 2001, Hairong Qi, S. S. Iyengar na Krishnendu Chakrabarty walichapisha pendekezo la kuugeuza utaratibu huo. Walisema kuwa badala ya data kuifuata programu kituoni, programu iifuate data iliko.

Programu ya namna hiyo huitwa wakala anayesafiri. Fikra ya wakala haikuwa ngeni. Katika miaka ya tisini kampuni ya General Magic ilikuwa imebuni lugha ya Telescript kwa ajili ya programu zinazohama kutoka mashine moja hadi nyingine. Jambo jipya lilikuwa kumpeleka wakala huyo kwenye vifaa hafifu vya nyikani.

Wakala hubeba vitu vinne: kitambulisho chake, msimbo au maagizo ya kazi yake, orodha ya nodi atakazozitembelea, na mkoba wa matokeo. Akifika kwenye nodi, huendesha maagizo yake humo, huvichuja vipimo, hulinganisha na alichokwisha kukipata kwingine, huchukua kilicho cha maana, kisha huondoka. Mwishoni hurejea kituoni. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa wakala, ngamani ni kituo kikuu.

Hebu tupige hesabu

Ili kuelewa kwa nini njia ni muhimu, chukulia mtandao mdogo wenye kituo K na nodi tatu, A, B na C, zilizopangwa kama mraba. Kutoka K hadi A ni hatua moja ya redio. A hadi B ni hatua moja, B hadi C hatua moja, na C hadi K hatua moja.

Tuseme msimbo wa wakala una ukubwa wa baiti 500. Baada ya kuchuja, atachukua baiti 300 katika A, baiti 100 katika B na baiti 100 katika C.

Akipita K, A, B, C na kurudi K, atarushwa akiwa na baiti 500 katika hatua ya kwanza, 800 katika ya pili, 900 katika ya tatu na 1,000 katika ya mwisho. Jumla ni baiti 3,200.

Sasa mgeuze apite K, C, B, A na kurudi K. Atakuwa na baiti 500, kisha 600, kisha 700, na mwishowe 1,000. Jumla ni baiti 2,800.

Umbali ni ule ule, nodi ni zile zile, matokeo ni yale yale. Hata hivyo, safari ya pili imeokoa baiti 400, yaani asilimia 12.5, kwa sababu mzigo mkubwa ulichukuliwa karibu na mwisho. Hapo ndipo wakala anapotofautiana na msafiri mtupu: kwake yeye, kwenda na kurudi kwa njia moja si gharama moja.

Linganisha pia na utaratibu wa zamani. Ikiwa kila nodi ina vipimo ghafi vya baiti 2,000, A na C zitatuma baiti 2,000 kila moja kwa hatua moja, na za B zitarushwa mara mbili, hivyo kuwa 4,000. Jumla ni 8,000. Wakala wa baiti 2,800 amepunguza kazi ya redio kwa karibu thuluthi mbili.

Lakini ikiwa kila nodi ina baiti 400 pekee za kutuma, utaratibu wa zamani utagharimu baiti 1,600 tu. Hapo wakala ni hasara, kwa kuwa msimbo wake ni mzito kuliko habari anazozifuata. Katika mfano wetu, mizani hulingana pale kila nodi inapokuwa na baiti 700. Chini ya hapo, heri data isafiri. Juu ya hapo, heri programu isafiri.

Kwa nini tusijaribu njia zote?

Msomaji atauliza: mbona tarakilishi isizihesabu njia zote kisha ichague iliyo bora?

Kwa nodi tatu inawezekana, maana kuna mipangilio sita tu. Kwa nodi tano ipo 120. Kwa nodi 10 inafika 3,628,800. Kwa nodi 20 mipangilio ni 2,432,902,008,176,640,000. Tarakilishi inayokagua mipangilio bilioni moja kila sekunde ingehitaji takriban miaka 77 kuimaliza yote.

Tatizo hili ni ndugu wa lile mashuhuri la mchuuzi anayetaka kuzuru miji mingi kwa njia fupi kuliko zote. Mnamo 1954, George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson walisifiwa kwa kulitatua kwa miji 49 ya Marekani. Zipo mbinu za werevu zinazopunguza hesabu, lakini hadi leo hakuna aliyegundua kanuni ya haraka inayohakikisha jibu bora kabisa kwa kila hali.

Kwa sababu hiyo, wataalamu huridhika na njia iliyo nzuri vya kutosha, mradi ipatikane kwa haraka na kwa kawi kidogo.

Mbinu za kuchagua njia

Mbinu ya kwanza na nyepesi zaidi ni kumwambia wakala: popote ulipo, nenda kwenye nodi iliyo karibu nawe zaidi ambayo hujaitembelea. Kanuni hii ni rahisi, na hatua za mwanzo huwa fupi. Udhaifu wake hujitokeza mwishoni. Nodi zilizo pembezoni huachwa nyuma kama viporo, na wakala hulazimika kuzifuata mbali wakati mkoba wake umekwisha kujaa.

Mbinu ya pili humwelekeza wakala kuchagua nodi iliyo karibu na kituo kikuu, si iliyo karibu naye. Kanuni hii mara nyingi humfanya ayumbe huku na kule, kwani nodi mbili zinaweza kuwa karibu na kituo kwa kiwango kimoja ilhali ziko pande tofauti.

Mbinu ya tatu huanzia mbali. Wakala hutumwa kwanza kwenye nodi ya mwisho kabisa akiwa bado mwepesi, kisha hukusanya akirudi nyumbani. Mkusanyaji maziwa atakubaliana na hekima hiyo: nenda mbali na mitungi mitupu, rudi ukijaza.

Mnamo 2004, kundi la watafiti lililowashirikisha Qishi Wu, Nageswara Rao na Iyengar lilitumia mbinu inayoiga uzazi wa viumbe. Tarakilishi ya kituo hutunga njia nyingi kwa kubahatisha, huzipima, huziacha zilizo dhaifu, na huchanganya vipande vya zile bora ili kuzaa njia mpya. Baada ya vizazi vingi, njia zinazobaki huwa nzuri kuliko za mwanzo. Lakini ili kufanya hivyo, ni sharti kituo kijue hali ya mtandao mzima, na kujua huko nako kuna gharama.

Min Chen na wenzake walikuja baadaye na mbinu ya kati. Waligundua kuwa uchaguzi wa nodi ya kwanza una uzito mkubwa. Basi kituo huijaribu kila nodi katika nafasi ya kwanza, hupanga zilizosalia kwa kanuni ya jirani wa karibu, hukadiria kawi itakayotumika, kisha huchagua mpango ulio nafuu. Zoezi hilo laweza kurudiwa kwa nodi ya pili, ya tatu, na kuendelea.

Nani apange: kituo au wakala?

Kuna mjadala mwingine kuhusu wakati wa kupanga. Njia inaweza kupangwa yote kituoni kabla ya safari. Faida yake ni kwamba tarakilishi ya kituo ina umeme wa kutosha na haiogopi hesabu ndefu. Ubaya ni kuwa nodi ikifa baada ya wakala kuondoka, orodha aliyonayo itamwongoza kwenye mlango uliofungwa.

Wengine huacha wakala ajiamulie kila anapofika, kwa kuangalia majirani walio hai, kiasi cha betri zao na umuhimu wa habari walizo nazo. Huyu ni mwepesi wa kubadilika, lakini huona karibu tu na huenda akajikuta pembeni.

Suluhisho la tatu ni mseto: kituo hutoa orodha ya nodi za kutembelewa, na wakala huamua mpangilio kulingana na hali anayoikuta njiani.

Aidha, lazima njia izingatie ratiba ya usingizi. Tumeona kuwa nodi hudumu kwa kulala. Wakala akifika wakati jirani amezima redio, itambidi asubiri, au nodi aliyomo iite tena na tena. Kwa redio nyingi za aina hii, kusikiliza hula kawi karibu sawa na kurusha, hivyo kungoja si bure. Njia fupi kwenye ramani yaweza kuwa ndefu kwenye saa.

Mkono mmoja haulei mwana

Mtandao ukiwa na nodi mia moja, wakala mmoja hafai. Mkoba wake utavimba, safari itachukua muda mrefu, na habari za nodi ya kwanza zitakuwa zimechacha kabla ya kufika.

Damianos Gavalas na watafiti wenzake nchini Ugiriki walishughulikia jambo hili kwa kugawa mtandao baina ya mawakala kadhaa. Kila wakala hupewa tawi lake, na matawi hayo hujengwa kwa kuangalia gharama ya kweli ya kubeba mzigo unaokua, si umbali pekee.

Hata hivyo, idadi ya mawakala nayo ina kipimo chake. Kila mmoja hubeba nakala ya msimbo. Wakiwa kumi, msimbo ule ule umerushwa mara kumi kutoka kituoni. Wakiwa wachache, kila mmoja hulemewa. Jibu hutegemea ukubwa wa msimbo, wingi wa data na haraka ya anayeisubiri.

Jambo jingine ni haki kwa nodi zilizo karibu na kituo. Mawakala wote hupitia kwao wakirejea, tena wakiwa wazito kupindukia. Nodi hizo zikifa, mtandao mzima hukatika hata kama zile za mbali zingali na betri tele. Kwa hiyo njia nafuu kuliko zote ikitumiwa kila siku huwa njia mbaya. Mpangaji mwerevu hubadilisha njia mara kwa mara ili mzigo ugawanywe.

Hatari zilizo njiani

Kumtuma wakala ni sawa na kutia mayai yote katika kapu moja. Akipotea, hupotea pamoja na kila alichokikusanya.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Katika kiwango cha mawasiliano cha 802.15.4, kilichoidhinishwa mwaka 2003 na ambacho vihisi vingi hukitumia, kifurushi kimoja cha redio hakizidi baiti 127. Wakala wa baiti 1,000 hulazimika kukatwa vipande visivyopungua vinane, na zaidi ukihesabu anwani zinazoandikwa juu ya kila kifurushi.

Tuseme ni vipande 10, na kila kimoja kina uwezekano wa asilimia 95 wa kufika. Uwezekano wa vyote kumi kufika bila kurudiwa ni takriban asilimia 60. Akipita hatua nne za namna hiyo, uwezekano wa kurudi mzima hushuka hadi asilimia 13 hivi. Ndiyo sababu kila hatua huhitaji nodi inayopokea ikiri kupokea, na inayotuma isifute nakala yake mpaka ikiri hiyo isikike.

Kisha kuna suala la usalama. Programu inayohama yenyewe kutoka kifaa hadi kifaa na kuendesha maagizo humo inafanana mno na kirusi cha tarakilishi. Nodi itajuaje kuwa wakala aliyebisha hodi ametumwa na mwenye mtandao? Na wakala naye atajuaje kuwa nodi iliyompokea haijatekwa ili ibadilishe matokeo aliyobeba? Saini za siri husaidia, lakini huongeza uzito wa mkoba na kazi ya prosesa.

Moto unapozuka

Umuhimu wa haya yote huonekana vyema wakati wa dharura. Mwaka 2005, Chien-Liang Fok, Gruia-Catalin Roman na Chenyang Lu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walitangaza mfumo walioupa jina Agilla, uliowawezesha mawakala kuhama na kujinakili ndani ya vifaa vile vile vya Mica2 vyenye kumbukumbu finyu.

Mfano walioutoa ulikuwa wa moto wa msituni. Wakala wa ulinzi hukaa akipima joto. Moto ukizuka, huarifu wakala mfuatiliaji, ambaye huhamia eneo hilo na kujizalisha nakala zinazouzunguka moto pande zote. Moto unaposambaa, nakala nazo husogea, na hivyo wazima moto hupata mpaka wa moto ulipo wakati huo.

Kwa Wakenya, mfano huo hauko mbali. Machi 2012, moto uliteketeza mimea katika miteremko ya Mlima Kenya, na wazima moto walikabiliana nao katika maeneo ya juu yasiyofikika kwa gari. Katika mazingira kama hayo, swali si tu kama kifaa kitauona moto. Swali ni kama nodi zitakazopitisha habari hiyo zitakuwa zingali hai siku hiyo, au zitakuwa zimekwisha kufa miezi kadhaa awali kwa sababu mtu alipanga njia ovyo.

Ikumbukwe pia kuwa wakala wa dharura hapangiwi njia kwa kigezo cha kuokoa kawi. Msitu unapowaka, kilicho cha thamani ni dakika. Mfumo mzuri hujua kubana matumizi siku za kawaida na kutumia bila kusita siku ya siku.

Umefikia wapi?

Ni haki kusema kwamba mawakala wanaosafiri hawajaenea nyikani kama waasisi wake walivyotarajia. Sehemu kubwa ya kazi hii imefanyiwa majaribio katika maabara na katika mifano ya tarakilishi. Wasimamizi wengi wa mitandao wameona ni rahisi zaidi kuiweka programu ya kuchuja ndani ya kila nodi tangu mwanzo, ili wakala asihitajike kuibeba. Kadhalika, redio za masafa marefu, kama zile za LoRa, huiwezesha nodi kufikisha ujumbe mfupi kituoni kwa hatua moja ya kilomita kadhaa.

Pamoja na hayo, swali lenyewe halijafa. Wakala hubaki na faida pale ambapo kazi hubadilika mara kwa mara, pale vipimo vilivyo vikubwa, kama picha na sauti, visivyoweza kurushwa vyote, na pale nodi zinapotumiwa na zaidi ya mradi mmoja. Hesabu zile zile zimerithiwa pia na wanaopanga njia za ndege zisizo na rubani zinazopita juu ya mashamba kuvuna data za vihisi, mithili ya lile gari la Laikipia.

Ukitafakari, fundisho la utafiti huu ni la kawaida mno. Kabla ya kutuma, chuja. Kabla ya kusafiri, pima kama safari ina faida kuliko kungoja uletewe. Ukiamua kusafiri, usitazame urefu wa njia peke yake. Tazama na mzigo utakaokuwa nao kila hatua, na nguvu za wale utakaowapitia.

Mwendeshaji pikipiki wa alfajiri aliyajua hayo kitambo. Huanza na mitungi mitupu, akaenda mbali kwanza, na boma lenye ng'ombe wengi akaliacha awe karibu na kufika.